Sekunde Tatu na Sekunde ya Tatu: Maelezo ya Kasi ya Wastani ya Kitu Kinachoanguka

1. Utangulizi

Mwalimu wa fizikia akiuliza darasani, "Jiwe limeachiwa juu ya mnara, kasi yake ya sekunde tatu ni ngapi?", wanafunzi watatu wanaweza kumpa majibu matatu yaliyo mbalimbali, na kila mmoja awe amepiga hesabu yake bila kosa. Wa kwanza amechukua muda wote tangu jiwe lilipoachiwa. Wa pili amechukua sekunde moja tu, ile inayoshika nafasi ya tatu. Wa tatu ametazama papo ambapo sekunde tatu zinatimia. Ila haimo katika hesabu zao. Imo katika swali, ambalo halikutaja kipindi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kasi ya wastani ya kitu kinachoanguka inavyokadiriwa, na jinsi maelezo hayo yanavyoweza kutolewa kwa Kiswahili pasipo utata. Hoja yake kuu ni kwamba kasi ya wastani si sifa ya kitu peke yake, wala si sifa ya papo moja. Ni sifa ya kipindi, chenye mwanzo wake na mwisho wake. Asiyetaja kipindi hajataja bado kasi ya wastani.

Suala hili lina uzito wake nchini Kongo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Fizikia ya shule za sekondari na ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi, Kalemie, Bukavu au Goma aliyekariri kanuni kwa Kifaransa aghalabu humweleza mwenzake kwa Kiswahili wanaporudia masomo jioni. Katika maelezo hayo ya pili ndimo fahamu inamopatikana au inamopotea.

2. Istilahi zitakazotumika

Kabla ya kuendelea, inafaa maneno machache yawekewe mipaka.

Umbali ni urefu wa njia ambayo kitu kimeipita. Muda ni kiasi cha wakati kilichotumika. Kipindi ni muda uliofungwa pande zote mbili, yaani wenye mwanzo na mwisho unaojulikana: tangu sekunde mbili zilipotimia hadi tatu zilipotimia, kwa mfano. Papo ni mpaka wenyewe, mahali pa wakati pasipo na urefu wowote. Neno "nukta" lingefaa kwa maana hiyo, kwa kuwa lina maana ya doa dogo lisilo na upana. Lakini kamusi za zamani zalitumia pia kwa maana ya sekunde, na kwa sababu hiyo lingezidisha utata badala ya kuuondoa.

Kasi ni kiasi cha upesi bila kujali upande ambao kitu kinaelekea. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake. Kwa kitu kinachoanguka wima bila kurudi juu, tarakimu za mawili hayo ni zile zile, kwa hiyo neno "kasi" litatosha katika sehemu kubwa ya maelezo haya. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi huongezeka katika kila sekunde.

Kanuni yenyewe ni fupi: kasi ya wastani katika kipindi fulani ni umbali uliopitwa katika kipindi hicho, ukigawanywa kwa muda wa kipindi hicho. Maneno "katika kipindi hicho" yametajwa kwa umbali, na maana yake imerudiwa kwa muda. Wanafunzi wengi hukosea kwa kuchukua umbali wa kipindi kimoja na kuugawanya kwa muda wa kipindi kingine.

3. Mnara wa Bologna

Mfano halisi wa jambo hili unapatikana Bologna, mji wa Italia, katika karne ya 17. Mwaka 1638 Galileo Galilei alichapisha mjini Leiden kitabu ambamo alidai kwamba kitu kinachoanguka hupita, katika vipindi vilivyo sawa na vinavyofuatana, umbali ulio kama namba witiri 1, 3, 5, 7. Dai hilo halikukubaliwa na wote. Miongoni mwa waliolitilia shaka alikuwapo Giovanni Battista Riccioli, padre wa shirika la Wajesuiti, ambaye pia hakuwa mfuasi wa Galileo katika suala la dunia kulizunguka jua. Riccioli hakutosheka na mabishano. Akishirikiana na mwenzake Francesco Maria Grimaldi, alidondosha matufe kutoka mnara wa Asinelli, wenye urefu unaokaribia mita 97, na matokeo akayachapisha mwaka 1651 katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota, Almagestum Novum.

Wakati huo hapakuwa na saa inayoweza kupima sehemu za sekunde kwa uhakika. Mapadre hao walitumia pendulamu, yaani uzito ulioning'inizwa na kubembea, iliyopiga mara 6 katika kila sekunde. Kazi ya kuilinganisha pendulamu na mwendo wa nyota iliwachosha watu wengi, kwa kuwa mapigo yalihesabiwa kwa zamu, usiku na mchana. Kisha matufe yaliachiwa kutoka vimo mbalimbali, na mapigo yakahesabiwa hadi tufe lilipogusa chini.

Moja ya safu za vipimo vyao ilikuwa hivi, kwa futi za Kirumi, ambazo kila moja ni kama sentimita 30:

mapigo 6 (sekunde 1): futi 15
mapigo 12 (sekunde 2): futi 60
mapigo 18 (sekunde 3): futi 135
mapigo 24 (sekunde 4): futi 240
mapigo 26 (sekunde 4 na theluthi moja): futi 280

Kwa kuwa kila tufe lilianza likiwa limetulia, vimo hivyo vinaweza kusomwa kama umbali ambao tufe moja limeanguka hadi kila sekunde inapotimia. Msomaji akitoa kila kimo katika kinachofuata, katika safu nne za kwanza, atapata umbali wa kila sekunde peke yake: futi 15, kisha 45, kisha 75, kisha 105. Akigawanya zote kwa 15 atapata 1, 3, 5, 7. Riccioli, aliyekuwa na shaka, aliona kwamba Galileo alisema kweli katika jambo hili, na habari hiyo ilipelekwa kwa Bonaventura Cavalieri, mwalimu wa hisabati mjini humo na mfuasi wa Galileo. Kipimo chenyewe hakikuwa mbali na ukweli: leo inajulikana kwamba kitu hupita karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza ya kuanguka, na futi 15 za Kirumi ni kama mita 4.5.

4. Swali moja, majibu matatu

Sasa swali la mwalimu linaweza kurudiwa kwa tarakimu za Bologna. Usemi "kasi ya sekunde tatu" unaweza kubeba maana tatu:

(1a) kasi ya wastani katika sekunde tatu za kwanza;
(1b) kasi ya wastani katika sekunde ya tatu;
(1c) kasi ya papo sekunde ya tatu inapotimia.

Katika (1a) kipindi kinaanzia jiwe lilipoachiwa, nacho kina muda wa sekunde 3. Umbali wake ni futi 135. Kasi ya wastani ni 135 kugawanya kwa 3, yaani futi 45 kwa sekunde.

Katika (1b) kipindi kinaanzia sekunde mbili zilipotimia na kinaishia tatu zinapotimia. Muda wake ni sekunde 1 tu. Umbali wake ni 135 kutoa 60, yaani futi 75. Kasi ya wastani ni futi 75 kwa sekunde.

Katika (1c) hakuna kipindi, kuna mpaka. Jibu lake, kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya 6, ni futi 90 kwa sekunde.

Arobaini na tano, sabini na tano, tisini: jibu la mwisho ni maradufu ya la kwanza, na yote matatu ni sahihi. Lipo pia jibu la nne, ambalo si sahihi kwa namna yoyote: mwanafunzi huchukua futi 75 za sekunde ya tatu na kuzigawanya kwa 3, akapata 25. Huyo ametwaa umbali wa (1b) na muda wa (1a).

Tofauti kati ya (1a) na (1b) inabebwa na kitu kidogo sana katika sarufi, yaani kihusishi "ya" kinachotangulia namba. Pasipo "ya", namba ni ya idadi: sekunde tatu ni jumla. Pakiwapo "ya", namba ni ya mpango: sekunde ya tatu ni moja, katika foleni ya sekunde. Kifaransa hutofautisha mambo hayo hayo kwa "pendant trois secondes", "pendant la troisième seconde" na "à la fin de la troisième seconde". Kwa hiyo si kweli kwamba lugha moja inayo tofauti hiyo na nyingine haina. Hatari iko katika mazungumzo ya mjini, ambamo namba hutajwa kwa Kifaransa ndani ya sentensi ya Kiswahili. Msemaji akisema "kwa trois secondes", kihusishi hakina tena pa kukaa, na tofauti kati ya jumla na nafasi inategemea bahati ya msikilizaji.

5. Msaada unaotoka katika hesabu ya saa

Ipo sehemu ya Kiswahili ambamo kila msemaji hutumia tofauti hizi bila kufundishwa, nayo ni hesabu ya saa. Saa za mchana za Kiswahili huhesabiwa tangu asubuhi, jua linapochomoza. Asemaye "tuonane saa tatu" hataji muda. Anataja papo, ule mpaka ambapo saa tatu zimetimia tangu mwanzo wa hesabu. Asemaye "nilikusubiri kwa muda wa saa tatu" anataja jumla. Na mtu akisema "katika saa ya tatu ya mchana", anataja kile kipindi kilicho kati ya saa mbili na saa tatu.

Jiwe linaloachiwa ni kama siku inayoanza. Kuachiwa kwake ndiko kuchomoza kwa jua, na sekunde huhesabiwa kutoka hapo. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi kwamba t = 3 ni "saa tatu" ya jiwe, si "saa ya tatu" yake, nusu ya utata huondoka.

Nusu ya pili ya utata inatokana na desturi ya kuhesabu kwa nafasi. Mtoto aliye katika mwaka wake wa tatu ametimiza miaka miwili tu. Vivyo hivyo, sekunde ya tatu huanza pale ambapo sekunde mbili zimetimia. Mwanafunzi anayeanzisha sekunde ya tatu kwenye t = 3 na kuimaliza kwenye t = 4 amefanya kosa lile lile la mtu anayesema kwamba mtoto wa mwaka wa tatu ana miaka mitatu kamili.

6. Kufupisha kipindi

Sasa yafaa kuonyesha namna jibu la futi 90 lilivyopatikana. Vipimo vya Bologna vinafuata kanuni moja: umbali tangu mwanzo ni 15 mara t mara t, ambapo t ni idadi ya sekunde zilizotimia. Kwa kanuni hiyo mtu anaweza kuchagua kipindi chochote, hata kifupi sana, kinachoanzia sekunde tatu zinapotimia:

tangu 3 hadi 4: futi 105 kwa sekunde 1, yaani 105;
tangu 3 hadi 3.5: futi 48.75 kwa sekunde 0.5, yaani 97.5;
tangu 3 hadi 3.1: futi 9.15 kwa sekunde 0.1, yaani 91.5;
tangu 3 hadi 3.01: futi 0.9015 kwa sekunde 0.01, yaani 90.15.

Vipindi vinavyoishia hapo hapo hutoa majibu yanayopanda badala ya kushuka: tangu 2 hadi 3 ni 75; tangu 2.9 hadi 3 ni 88.5, tangu 2.99 hadi 3 ni 89.85. Majibu ya upande mmoja na ya upande mwingine yanakaribia namba moja, ambayo ni 90. Namba hiyo ndiyo inayoitwa kasi ya papo.

Inafaa msomaji atambue kwamba kasi ya papo haikupatikana kwa kugawanya umbali wa papo kwa muda wa papo, maana papo haina umbali wala muda, na sifuri haigawanyiki kwa sifuri. Imepatikana kwa kutazama mahali ambapo kasi za wastani zinaelekea kadiri kipindi kinavyofupishwa. Kwa hiyo kasi ya wastani ndiyo mzazi na kasi ya papo ndiye mwana. Anayeruka kwenda kwenye hesabu ya kukokotoa mabadiliko bila kuelewa kipindi amejenga paa kabla ya kuta.

7. Mambo manne ya kutahadhari

Kwanza, katika kuanguka kwenye mchapuko usiobadilika, kasi ya wastani ya kipindi ni sawa na nusu ya jumla ya kasi ya mwanzo na kasi ya mwisho. Katika sekunde ya tatu, kasi ya mwanzo ni 60 na ya mwisho ni 90. Nusu ya jumla ni 75, kama ilivyopimwa. Kasi hiyo pia ndiyo kasi ya papo katikati ya kipindi, sekunde 2.5 zinapotimia. Kanuni hii ilijulikana kwa wanazuoni wa Merton College, Oxford, katika karne ya 14, kabla ya Galileo kuzaliwa.

Pili, njia hiyo ya mkato haifai kila mahali. Ichukuliwe safari ya kilomita 120, takriban umbali wa kutoka Lubumbashi hadi Likasi. Gari likienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa kilomita 40 kwa saa, wengi watasema kwamba wastani ni 50. Lakini kwenda kulichukua saa 2 na kurudi saa 3. Jumla ya kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Wastani wa kasi si kasi ya wastani, ila mchapuko usipobadilika.

Tatu, mwelekeo usisahauliwe. Mpira ukirushwa wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na mchapuko ukakadiriwa kuwa 10, utapanda mita 20 na kurudi mkononi baada ya sekunde 4. Umbali wote ni mita 40, na kasi ya wastani ni mita 10 kwa sekunde. Lakini mpira umerudi ulipotoka, kwa hiyo velositi yake ya wastani ni sifuri. Hapa ndipo maneno mawili yanapohitajika.

Nne, hewa huzuia. Tone la mvua likianguka kutoka kimo cha mita 1,000 mahali pasipo na hewa, lingefika chini kwa kasi ya takriban mita 140 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 500 kwa saa. Kwa kweli tone kubwa hufika kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde hivi, kwa sababu hewa hulizuia mpaka kasi yake isiongezeke tena. Kanuni ya namba witiri ni ya vitu vizito vinavyoanguka kimo kisicho kirefu mno.

8. Wastani unaoficha hatari

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti kati ya wastani na papo ina faida nje ya darasa. Jibu linapatikana katika mashimo yanayochimbwa na wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti katika eneo la Kolwezi. Ichukuliwe kwamba shimo lina kina cha mita 20, na jiwe limeponyoka ukingoni. Kwa mchapuko wa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde, jiwe litafika chini baada ya sekunde 2. Kasi yake ya wastani ni mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa.

Lakini aliye chini hapigwi na wastani. Anapigwa na kasi ya papo ya mwisho, ambayo ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hufuata kasi mara kasi, pigo hilo lina nishati mara nne ya ile ambayo mtu angeikisia kwa kutumia wastani. Anayechagua kofia ya kinga kwa hesabu ya wastani amekosea mara nne.

Hesabu ya kila sekunde inafunua jambo jingine. Katika sekunde ya kwanza jiwe hupita mita 5 tu. Katika sekunde ya pili hupita mita 15. Sekunde moja inapotimia, robo tatu ya shimo bado iko chini ya jiwe, na mtu angeweza kudhani kwamba muda mwingi umesalia. Kumbe imesalia sekunde moja. Mchimbaji aliyeambiwa tu kwamba jiwe huenda "mita 10 kwa sekunde" angelitazamia katikati ya shimo wakati huo, na angedanganyika.

9. Tamati

Imeonekana kwamba kukadiria kasi ya wastani ya kitu kinachoanguka ni kazi ya kutoa na kugawanya, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Ugumu wake ni wa kutaja: kipindi kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na je, namba iliyotajwa ni jumla, ni nafasi au ni mpaka? Kiswahili kina njia za kuyatenga yote matatu: "katika muda wa sekunde tatu", "katika sekunde ya tatu" na "sekunde tatu zinapotimia". Njia hizo hazikubuniwa kwa ajili ya fizikia; zimo tayari katika kuhesabu saa za mchana na miaka ya mtoto.

Kwa hiyo walimu na waandishi wa mitihani, wafundishao kwa Kifaransa na wafafanuao kwa Kiswahili, wanashauriwa kutotumia kamwe usemi "kasi ya sekunde tatu" uliosimama peke yake. Na wanaotafsiri vitabu vya sayansi wakumbuke kwamba istilahi nzuri haitoshi pale ambapo kihusishi kimeachwa. Katika mnara wa Bologna, kuwapo au kutokuwapo kwa "ya" moja ni tofauti ya futi 30 kwa sekunde.